Skwea na bikari za Frimasoni

Jumba la Frimasoni lipo Nyerere Road, Nairobi, na nembo yake wengi wetu Pwani tumezoea kuiita alama ya shetani. Tazama vizuri: ni skwea na bikari, zana za fundi mwashi. Chama hiki, kinachohesabu historia yake kutoka London mwaka 1717, hufundisha kwa skwea unyofu, kwa bikari kujiwekea mipaka. Herufi G, kwa Kiingereza, ni Mungu na jiometri.

Kwa Muislamu, Baraza la Fiqhi la Makka lilishatoa uamuzi mkali dhidi yao 1978. Lakini vile vikaratasi vya “jiunge utajirike” kwenye nguzo za stima ni vya matapeli. Frimasoni wa kweli hulipa ada, halipwi. Kijana akishatuma M-Pesa, simu haishikwi tena.