Somo la Afya: Diski ya Shingo, Kungoja au Kupasuliwa?

Somo la leo ni juu ya shingo.

Pale Darajani mchukuzi hubeba tenga la machungwa kichwani, na uzito wote huishukia shingo. Shingo ina pingili 7 za mifupa. Baina ya pingili mna visahani viitwavyo diski. Diski ni mfano wa embe bivu: ngozi nje, nyama laini ndani. Ngozi ikipasuka, ile nyama hutokeza na kuubana mshipa wa fahamu uendao mkononi. Basi mtu huumwa tangu shingoni hata vidoleni, na mkono hufa ganzi. Umri huichakaza diski. Mzigo mzito huzidisha.

Je, ni lazima kupasuliwa? Sivyo. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa wiki 6 hadi 12, kwani mara nyingi mwili wenyewe hukinywesha kile kilichotokeza. Mwone daktari, utumie dawa alizokuandikia, uache mizigo kwa muda, na ufanye mazoezi uliyofundishwa na mtaalamu wa viungo. Usilale kitandani siku nyingi, wala usikubali kuzungushwa shingo kwa nguvu.

Katika upasuaji, mara nyingi daktari hupitia mbele ya shingo, huitoa diski, na kuziunga pingili mbili. Maumivu ya mkono huondoka upesi zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili, hali ya waliopasuliwa na wasiopasuliwa mara nyingi hukaribiana. Tena kisu kina hatari zake: sauti kukwaruza, taabu ya kumeza, jeraha kuingia vijidudu.

Sasa sikilizeni vyema. Ziko dalili zisizongoja: mkono kuzidi kulegea, vidole kushindwa kufunga kifungo, miguu kuyumba, mkojo kutozuilika. Huenda umebanwa ugwe mkubwa wa fahamu utokao kwenye ubongo. Ukichelewa, udhaifu waweza kubaki daima. Nenda hospitali siku ile ile. Hapa Unguja, mwaka 2014 ilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, kwa msaada wa madaktari kutoka Hispania.

Kumbukeni: maumivu peke yake yaweza kungoja, udhaifu haungoji.

Maswali ya darasani

1. Diski ni kitu gani?
2. Kwa nini wagonjwa wengi hawahitaji kisu?
3. Taja dalili tatu zisizongoja.