Fedha ya Picha za Akili Mnemba Iko Wapi?

Mwaka 2022 ulileta mambo matatu kwa mkupuo. Mwezi Aprili kampuni ya OpenAI ilitangaza DALL-E 2, Julai Midjourney ikafunguliwa kwa umma, na Agosti Stability AI ikaachia Stable Diffusion, ambayo mtu aliweza kuipakua bure na kuiendesha kwenye kompyuta yake mwenyewe. Tangu hapo, mtu anayejua kuandika sentensi mbili tatu anaweza kupata picha ambayo zamani ingemgharimu mchoraji siku nzima. Haikuchukua muda biashara nyingine ikazaliwa pembeni, ile ya kuwafundisha watu namna ya kutajirika kwa picha hizo. Mitandao imejaa video zinazoahidi dola kila siku kwa mtu aliyelala, na kozi za kulipia zinazorudia yaleyale ya kwenye video. Nashuku kwamba wauza kozi ndio wenye kipato cha uhakika zaidi katika mlolongo huo wote. Hata hivyo sisemi kwamba fedha hakuna. Ipo, ila anayeitafuta ndani ya picha yenyewe ataikosa. Imo katika kazi inayoizunguka picha: kumjua mteja, kujua kitu kitachapwa wapi na vipi, kurekebisha kasoro, na kukubali lawama kazi ikiharibika.

Tuanze na wingi. Jarida la Everypixel lilikadiria kwamba kufikia Agosti 2023 programu hizi zilikuwa zimetoa picha zaidi ya bilioni 15. Kwa makadirio yao, wapiga picha wa kamera walihitaji karibu miaka 150, kuanzia 1826 hadi 1975, kufikia idadi hiyo. Mwezi Machi 2025 OpenAI ilipoingiza uwezo mpya wa kuchora ndani ya ChatGPT, kampuni hiyo ilisema watu milioni 130 walitengeneza picha zaidi ya milioni 700 katika wiki ya kwanza peke yake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, nao walisema hivyo katika soko ambamo kizuri kilikuwa adimu. Picha nzuri ya twiga jua likizama haina uadimu wowote leo. Anayeihitaji anaweza kuiagiza mwenyewe kwa muda mfupi kuliko ule wa kuitafuta kwako. Hakuna bidhaa inayobaki na bei wakati kila mnunuzi ana kiwanda chake mfukoni.

Hesabu za maghala ya picha mtandaoni zinaonyesha jambo hilo waziwazi. Hii ndiyo njia inayotajwa kwanza na kila mwalimu wa utajiri: tengeneza picha, zipandishe ghalani, subiri mrabaha. Adobe Stock ilikubali rasmi picha za akili mnemba Desemba 2022, kwa sharti kwamba ziwekewe alama inayosema zimetokana na mashine. Getty Images ilikuwa imezikataa Septemba mwaka huohuo. Shutterstock ilichukua njia ya tatu, ambayo inafundisha kuliko zote: iliingia mkataba na OpenAI, ikawawekea wateja wake chombo cha kuchorea, na wakati huohuo ikawazuia wachangiaji kuleta picha zao za mashine. Yaani mwenye ghala aliona kwamba hamhitaji mtu wa kati. Kwa wale wanaobaki Adobe, mchangiaji hupata asilimia 33 ya bei ya picha, na kwa wanunuzi wa mpango wa mwezi malipo ya chini ya anayeanza ni kama senti 33 za dola kwa kila upakuaji. Huwezi kutoa fedha mpaka salio lifike dola 25. Kwa senti 33, hiyo ni mipakuo 76. Tena Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo mnunuzi akiwa Marekani asilimia 30 ya mrabaha hukatwa kabla haujakufikia, na zile senti 33 zinageuka 23. Mpango wa chini wa Midjourney ni dola 10 kwa mwezi. Utahitaji mipakuo 44 ya namna hiyo kila mwezi kulipia chombo tu, kabla ya kuhesabu bando, umeme na saa za kuandika maneno ya utafutaji ya kila picha.

Mtu atanijibu kwamba wapo wanaopata kipato kizuri humohumo ghalani. Ni kweli, na nikiwaangalia naona wanaithibitisha hoja yangu. Anayefanikiwa huko kwa kawaida ana maelfu ya picha alizozichuja kutoka katika makumi ya maelfu, anajua ofisi za matangazo zinatafuta nini miezi miwili kabla ya Krismasi au Ramadhani, anaandika maneno ya utafutaji kwa ustadi, na anazikagua picha vidole kwa vidole. Huyo anauza uteuzi na ufahamu wa soko. Ukimpokonya mashine ya kuchora ukamwachia kamera, bado atauza. Ukimpa mashine hiyo mtu asiye na ufahamu huo, atajaza ghala picha ambazo hakuna atakayezifungua.

Kuna kizingiti kingine ambacho video za mitandaoni hukiruka, nacho ni hakimiliki. Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilifanya uamuzi juu ya kitabu cha picha cha Kris Kashtanova kiitwacho Zarya of the Dawn. Ilikubali kulinda maandishi na mpangilio wa kitabu, ikakataa kulinda picha moja moja zilizotoka Midjourney. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington, katika kesi ya Stephen Thaler, ilisisitiza kwamba kazi inayolindwa lazima iwe na binadamu kama mtunzi. Ofisi hiyohiyo ilikuwa imeshaeleza Januari mwaka huo kwamba maelekezo unayoiandikia mashine, peke yake, hayatoshi kukufanya mtunzi. Afrika Mashariki haina kauli moja. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema mtunzi wa kazi iliyotengenezwa na kompyuta ni mtu aliyefanya maandalizi yaliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane, mlango ambao mchoraji wa mashine anaweza kujaribu kupitia. Sheria ya Tanzania Bara ya 1999 inamtambua mtunzi kuwa binadamu aliyeibuni kazi. Tafsiri yake sokoni ni nyepesi: ukichapa fulana yenye picha mbichi ya mashine ukaiuza kwenye soko la mtandaoni la Etsy, jirani akiinakili huenda usiwe na pa kushitaki. Masoko yenyewe nayo yamebana. Etsy tangu 2024 inawataka wauzaji waseme wazi bidhaa iliyobuniwa kwa akili mnemba. Huduma ya vitabu ya Amazon ilianza Septemba 2023 kudai tamko hilo kwa waandishi, na mwezi huohuo ikaweka kikomo cha vitabu vipya vitatu kwa siku kwa kila akaunti. Kikomo cha vitatu kwa siku! Hapo unaelewa mafuriko yalikuwa makubwa kiasi gani.

Basi ni wapi picha ya mashine inaleta fedha? Inaleta pale inapokuwa malighafi ya kitu ambacho mtu fulani anakihitaji na hawezi kukikamilisha mwenyewe. Chukua kanga, bidhaa ambayo kila msomaji wa gazeti hili anaijua. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yanayosema usiyoweza kusema mdomoni. Mashine inaweza kukupa miji hamsini kabla ya chai kupoa. Lakini mnunuzi sokoni hasomi mji, anasoma jina, na jina zuri la kanga linatoka kwa mtu aliyekaa na watu. Kisha kuna uchapaji. Picha ya kawaida ya programu hizi huwa na pikseli 1,024 kwa upande. Ukiichapa kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi, unapata kipande chenye upana usiofika sentimita 9. Kanga ina urefu wa karibu sentimita 150, na kwa kiwango hicho inahitaji zaidi ya pikseli 17,000; hata ukipunguza kiwango nusu, kwa kuwa kitambaa kinavumilia, bado uko mbali sana. Mtu lazima aichore upya kwa mistari isiyopasuka ikikuzwa, apunguze rangi zifike idadi ambayo kiwanda kinaweza kuchapa, na ahakikishe pindo linakutana kwenye kona. Kazi hiyo ndiyo inayolipwa. Tena ndiyo yenye mkono wa binadamu, kwa hiyo ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi ya kulindwa na sheria.

Mantiki hiyo inahamia kwenye mengine. Msindikaji wa asali wa Tabora anahitaji lebo yenye vipimo sahihi, tarehe, alama za ubora na picha isiyomchekesha mnunuzi. Mwandishi wa vitabu vya watoto anahitaji msichana yuleyule, kwa sura ileile na gauni lilelile, katika kurasa 24, na mashine zinajulikana kwa kumbadilisha mtoto sura kila anapogeuka. Kamati ya harusi inahitaji kadi ya mwaliko ambayo jina la bibi harusi halikukosewa herufi. Mbunifu wa ndani anahitaji kumwonyesha mteja sebule itakavyokuwa kabla fundi hajagusa ukuta. Katika yote haya picha ni hatua moja kati ya nyingi, na bei hupangwa kwa kazi nzima.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mteja naye ana simu, na kesho atajifanyia yote mwenyewe. Sehemu ya pingamizi hili lazima nilikubali. Watafiti Ozge Demirci, Jonas Hannane na Xinrong Zhu walichunguza soko la kazi huria mtandaoni wakaona kwamba baada ya programu za picha kutoka, matangazo ya kazi za kuchora na kubuni picha yalipungua kwa takriban asilimia 17 yakilinganishwa na kazi zisizoguswa sana na teknolojia hiyo. Aliyekuwa akiishi kwa kutengeneza mabango mepesi ya kuwekwa kwenye mitandao ameumia, na ataumia zaidi. Ila tuangalie ni kazi ipi iliyoondoka. Ni ile ambayo mteja hakujali sana ikitoka vibaya. Mwenye duka anayejitengenezea picha ya hali ya WhatsApp hawezi kubahatisha hivyohivyo kwenye vifungashio elfu tano vinavyogharimu mtaji wake. Hapo anamtafuta mtu wa kumwamini, na uaminifu huo haupakuliwi.

Lipo pia pingamizi la haki, nalo silipuuzi. Stable Diffusion ilifunzwa kwa data iliyotokana na mkusanyiko wa LAION-5B, wenye jozi bilioni 5.85 za picha na maelezo zilizokusanywa mtandaoni bila kuwauliza wenyewe. Getty iliishitaki Stability AI. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikataa sehemu kubwa ya madai yake, ikaipa Getty ushindi mdogo upande wa alama ya biashara. Disney na Universal waliishitaki Midjourney Juni 2025. Majaji wataamua yao, lakini muuzaji wa kawaida hahitaji kusubiri hukumu ili ajue mipaka. Asiuze wahusika wa katuni za watu. Asitumie jina la msanii kama chambo. Mwaka 2024 Adobe iliondoa picha zilizouzwa kwa jina la mpiga picha Ansel Adams baada ya wasimamizi wa urithi wake kulalamika. Na kwetu kuna Tingatinga. Mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 unawalisha wachoraji hadi leo, na mashine inauiga kwa sekunde. Mtalii akiuziwa chapa ya mashine kwa madai kwamba imechorwa kwa mkono, ametapeliwa, na mchoraji aliyekaa chini na brashi yake ameibiwa mteja. Udanganyifu wa aina nyingine ulionekana 2023, pale picha za mashine za vita vya Gaza zilizouzwa Adobe Stock zilipokutwa kwenye tovuti zikitumika kama picha halisi za matukio. Zilikuwa na alama ghalani, lakini zikiisha kutoka alama ilibaki nyuma. Binafsi naona picha za vita, maafa na watu maarufu hazipaswi kuuzwa kabisa, hata soko likiruhusu.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu, ushauri wangu unaanza na fedha. Hakikisha kwanza njia ya kupokea malipo. Kenya imeweza kuhamisha salio la PayPal kwenda M-Pesa tangu 2018, huku watumiaji wa nchi jirani wakilazimika kuangalia masharti ya nchi yao kabla ya kufungua duka lolote mtandaoni. Pili, jifunze programu za kuhariri na masharti ya uchapaji kwa bidii ileile unayoitumia kujifunza kuiandikia mashine maelekezo. Mwambie mteja wazi kwamba umetumia akili mnemba; wengi hawajali, na wale wanaojali wana haki ya kujua. Usilipie kozi. Usilipie hata mpango wa mwezi mpaka umepata mteja mmoja mwenye jina, mwenye kazi inayotakiwa kufika kiwandani, na aliyetoa malipo ya awali.