Je, Wajua? Dhahabu Imo Ndani ya Kompyuta ya Gemu

Dhahabu, madini yanayochimbwa Geita, na pia Bulyanhulu mkoani Shinyanga, hutumika pia kutengeneza kompyuta za gemu. Meno ya kadi ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) hupakwa utando mwembamba wa dhahabu. Shaba hupitisha umeme vizuri zaidi, lakini dhahabu haishiki kutu.

Kadi hiyo ya RAM huwasumbua wanaoanza: wengi wanaounda kompyuta kwa mara ya kwanza huvunjika moyo wanapoiwasha na skrini ikabaki nyeusi. Usikimbilie kununua kifaa kipya. Zima umeme, chomoa RAM, kisha ichomeke tena mpaka vibanio vya sehemu inapochomekwa vijifunge. Mara nyingi kadi huwa haijazama sawasawa. Ishike kwenye kingo, usiguse meno yake: jasho na mafuta ya vidole huyachafua.