Usiuze Mbegu: Gemu la Shamba Lilivyonifundisha Kulinda Mtaji

Leo nakuja na somo ambalo wengine mtacheka, lakini nisomeni mpaka mwisho.

Mwaka jana nilipiga picha kamba wakavu, nikaweka WhatsApp. Mtaji wangu ulikuwa 150,000. Ndani ya siku tatu wateja wa Mbagala wakamaliza mzigo wote, nikashika 210,000 mkononi. Nikajiona tajiri. Nikanunua simu nyingine, eti picha zitoke vizuri. Iliyobaki ikaenda kwenye nauli, soda na mambo madogo madogo. Bamvua lilipoingia, wavuvi wakaja na kamba wazuri kweli, bei poa, wanataka pesa taslimu. Mimi sina kitu. Oda sita ziko kwenye simu, wateja wawili wameshatuma hela ya awali. Ikabidi nikope, na faida ya mzigo ule yote ikaishia kwenye deni.

Wiki hiyo hiyo binamu yangu akaniwekea gemu linaitwa Hay Day. Ni gemu la shamba, limetengenezwa na kampuni ya Supercell ya Finland, lilitoka mwaka 2012. Unapewa shamba, unalima, unafuga, unauza. Siku ya kwanza niliuza ngano yote niliyovuna. Nikarudi kupanda, kihenge kitupu. Nikabaki naangalia mashamba matupu kama nilivyowaangalia wale wavuvi. Hapo ndipo akili ikanikaa sawa.

Kwa hiyo leo nakupa mbinu za kuanzia gemu hili, na kila mbinu nitakuonyesha inakuhusu vipi wewe unayeuza mtandaoni.

1. USIUZE MBEGU
Kwenye Hay Day hununui mbegu dukani. Ngano uliyovuna ndiyo mbegu yako. Unapanda moja, unavuna mbili. Ukiuza zote umejifunga mwenyewe, mpaka ununue kwa wenzako au utoe almasi. Kanuni yangu: kabla sijauza chochote, nahesabu mashamba yangu yote, nabakiza ngano ya kuyajaza. Inayozidi ndiyo ya kuuza.
Dukani ni hivyo hivyo. Mzigo ukiisha, kwanza toa hela ya kununulia mzigo mwingine, na nauli ya boti mpaka Nyamisati, na gari la kupeleka Dar. Weka kwenye laini nyingine ya simu usiyoigusa. Kinachobaki ndiyo faida. Bibi yangu analima mpunga huku delta, nilipomweleza akanijibu, "Mume wangu, wewe umelijua leo? Mbegu hailiwi hata kwa njaa."

2. ANZA NA KINACHOZUNGUKA HARAKA
Ngano inakomaa kwa dakika 2, mahindi dakika 5, karoti dakika 10, soya dakika 20, miwa dakika 30. Ukiwa na simu mkononi, panda vya haraka. Ukienda kulala au kwenye shughuli zako, panda vya muda mrefu. Kwa mfano maboga yanachukua saa 3, ukifika ngazi ya kuyapata. Kosa la wanaoanza ni kupanda ngano halafu wanaondoka saa tano. Shamba limekaa bure.
Na wewe angalia bidhaa zako. Ipo inayotoka kila siku kwa faida ndogo, na ipo inayokaa wiki tatu kwa faida kubwa. Mtaji mdogo uweke zaidi kwenye inayotoka kila siku, ile nyingine weka chache.

3. USIUZE GHAFI KAMA UNAWEZA KUONGEZA THAMANI
Ngano 3 zinatengeneza mkate mmoja, na mkate unalipa zaidi ya ngano zenyewe. Ngano 2 na hindi 1 zinatoa vyakula 3 vya kuku, kuku wanataga mayai, mayai yanaingia kwenye vitu vingine vya bei. Hakikisha mashine hazikai bila kazi.
Huku kwetu kamba wabichi wanataka barafu, na boti ikichelewa na maji umeumia. Kamba waliokaushwa vizuri, wakachambuliwa na kufungwa pakiti za robo kilo, wanasubiri. Kumbuka Hay Day mazao hayaozi, yanakusubiri mpaka urudi. FarmVille, lile gemu la zamani la Facebook, mazao yalikuwa yananyauka ukichelewa. Kamba wa kweli wako kama FarmVille.

4. USIKIMBILIE NGAZI
Hili wengi hawalijui. Ukipanda ngazi haraka, gemu linakufungulia bidhaa mpya na oda zinaanza kuzitaka, wakati ghala lako bado dogo. Ghala na kihenge vinaanza na nafasi 50 kila kimoja. Vikijaa, huvuni, hutengenezi, umekwama. Kwa hiyo nenda taratibu. Kuongeza ghala unahitaji bolti, mbao na gundi ya utepe. Kihenge kinataka misumari, skrubu na paneli za mbao. Vitu hivi vinatokea kwa bahati unapovuna, ndiyo maana wazoefu wanapanda ngano nyingi kila mara. Ukivipata usiviuze kwa tamaa ya sarafu.
Nilikuwa nauza kamba, nikaongeza viatu, nikaongeza mafuta ya nywele, nikaongeza kava za simu. Chumba kikajaa, hela ikalala humo. Sasa nina bidhaa tatu tu na nalala vizuri.

5. SI KILA ODA NI YA KUKUBALI
Kuna ubao wa oda za gari. Ukiona oda inataka vitu vingi ulivyovipata kwa shida na inalipa kidogo, ifute, itakuja nyingine. Ukifika ngazi ya 7 unafungua duka la barabarani, wanunuzi ni wachezaji wenzako wa kweli, na unaweza kutangaza bidhaa kwenye gazeti la gemu bure, ukisubiri dakika chache kati ya tangazo na tangazo. Tangaza kila nafasi ikipatikana. Usiposema unauza nini, nani atajua?
Mteja anayetaka nusu kilo umpelekee mpaka Chalinze kwa bei ya Kibiti, mwambie kwa heshima, "Dada yangu, hapo nauli ni juu yako." Akikataa, salama. Usitoe huduma ya hasara halafu ukaanza kumnunia mteja.

6. LINDA ALMASI ZAKO
Gemu ni la bure lakini almasi zinauzwa kwa pesa halisi. Mwanzoni unapewa chache. Usizimalize kuharakisha mkate wa dakika 5! Zitumie kuongeza nafasi za kazi kwenye mashine, maana nafasi hiyo inabaki siku zote. Na ukiona mtu anakuambia ana almasi za bure, umpe namba ya siri ya akaunti yako, huyo ni mwizi. Hakuna tofauti na anayekupigia simu kukuambia umeshinda zawadi, tuma kwanza elfu ishirini.

Mwisho niseme ukweli. Gemu linataka intaneti, na bando huku kwetu ni pesa, mtandao wenyewe mpaka usogee panapokamata. Mimi nimejiwekea nusu saa usiku, nikishamaliza kujibu wateja wote. Siku nilipolicheza mchana, mteja aliuliza bei saa nne, nikamjibu saa nane, akawa ameshanunua kwingine. Na hela ya duka haijawahi kununua almasi hata moja.

Deni la mwaka jana nimelimaliza. Bamvua lililopita wavuvi walinikuta na 150,000 yangu kwenye laini ile nyingine, haijaguswa.

Kazi ya leo: kabla hujalala, hesabu mbegu yako ni shilingi ngapi, uitoe pembeni. Halafu niandikie hapo chini unauza nini na mbegu yako unaitunza wapi, tujifunze wote. Mtumie na mwenzako ambaye kila mzigo ukiisha anaanza kukopa.