Chupa Kubwa ya Bia Inavyotoweka Rafuni

Chupa kubwa ya bia ni ile inayozidi nusu lita. Zinazojulikana zaidi ni mbili. Moja ni ya mililita 650, iliyozoeleka Marekani, ambako jina lake ni lilelile la ndege za kivita zinazodondosha mabomu. Nyingine ni ya mililita 750, yenye kioo kinene na kizibo cha gome la mti kilichofungwa kwa waya kama cha shampeni; hiyo ni desturi ya Ubelgiji, ambako baadhi ya bia huendelea kuchachuka ndani ya chupa na kusukuma kioo kwa nguvu. Kwa miaka mingi chupa hizi mbili zilikuwa alama ya bia za viwanda vidogo, yaani bia inayopikwa kwa kiasi kidogo na kuuzwa kwa sifa ya mpishi wake. Tangu miaka ya katikati ya 2010 nafasi yao madukani imekuwa ikipungua, na katika maduka mengi ya Marekani kopo la alumini ndilo lililoichukua.

Grosari ya kawaida ya Mazimbu, kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Morogoro, haina chupa za aina hiyo. Kilichomo kwenye friji ni Safari, Kilimanjaro, Serengeti na wenzao, katika chupa ya kahawia ya nusu lita, na kando yake chupa ndogo za bia zinazoitwa nyepesi. Hata hivyo, mtu akiitazama grosari hiyo kwa makini ataona karibu sababu zote zilizoiangusha chupa kubwa ng'ambo. Sababu ya kwanza imo katika swali ambalo mhudumu humuuliza kila mteja kabla ya kufungua chupa: ya baridi au ya moto? Bia ya moto ni ile ambayo haikuingia kwenye friji, na wapo wanaoipenda hivyo. Lakini anayetaka ya baridi anataka ibaki baridi hadi tone la mwisho. Chini ya Milima ya Uluguru, katika joto la Januari, hata nusu lita ina kazi ya kufika mwisho kabla haijapoteza ubaridi wake. Robo tatu ya lita mbele ya mnywaji mmoja humalizikia ikiwa vuguvugu.

Viwanda vidogo vya Marekani viliipenda chupa kubwa kwa hesabu ya kawaida kabisa. Mpishi anayeanza hana fedha za kununua mtambo wa kujaza maelfu ya chupa ndogo kwa saa. Anajaza kwa mkono au kwa mashine ndogo. Lita 100 za bia zinaingia katika chupa 154 hivi za mililita 650, lakini zinahitaji chupa 282 za mililita 355, ambazo ndizo chupa za kawaida za huko. Kila chupa inayopungua ni kizibo kimoja, lebo moja na dakika za mfanyakazi zilizookolewa. Tena chupa kubwa ilisimama peke yake rafuni, ikauzwa moja moja, wakati chupa ndogo ziliuzwa sita kwa pamoja. Mnunuzi aliyeogopa kununua sita za bia asiyoijua aliweza kuonja moja. Na kwa kuwa ilifanana na chupa ya mvinyo, ilimwezesha muuzaji kudai bei ya mvinyo.

Hapo ndipo mteja alipoanza kupiga hesabu zake. Lita kwa lita, chupa kubwa mara nyingi ilikuwa ghali kuliko makopo ya bia ileile. Mtu alilipa zaidi kwa ajili ya kioo na umbo, si kwa ajili ya kinywaji.

Nguvu ya bia nayo ilichangia. Bia nyingi zilizotiwa katika chupa kubwa zilikuwa kali, baadhi zikifika asilimia 10 ya kilevi au zaidi. Chupa moja ya mililita 650 yenye asilimia 10 ina mililita 65 za kilevi halisi. Kilimanjaro ya nusu lita, yenye asilimia 4.5, ina mililita 22.5. Maana yake ni kwamba anayefungua chupa hiyo kali peke yake amefungua karibu Kilimanjaro tatu kwa mpigo, na hawezi kuirudisha sehemu yake kwenye friji, kwa sababu kizibo cha bati kikishang'olewa hakirudi. Kesho yake gesi imekwenda na ladha imekufa. Chupa iliyotengenezwa kwa ajili ya meza ya watu wanne ilikuwa ikiuzwa kwa mtu mmoja anayerudi nyumbani kutoka kazini. Ukubwa wenyewe haukuwa kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kila mnunuzi ana wenzake wanaomsubiri.

Wakati huohuo kopo lilikuwa linapanda cheo. Kwa muda mrefu wapenzi wa bia nzuri waliliona kopo kuwa chombo cha bia rahisi. Mwaka 2002 kiwanda kidogo cha Oskar Blues, katika mji wa Lyons jimboni Colorado, kilianza kutia bia yake ya Dale's Pale Ale katika makopo, na wengi waliona ni mzaha. Mwaka 2011 tufani ya Irene iliigharikisha na kuiharibu baa ya wapishi wa The Alchemist huko Waterbury, jimboni Vermont. Siku chache baadaye kiwanda chao kipya kikaanza kutoa bia yao ya Heady Topper katika makopo ya mililita 473, na watu wakawa wanaendesha gari kwa saa nyingi kwenda kuipangia foleni. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema tena kwamba bia ya heshima haikai kwenye kopo.

Sababu za kitaalamu zilikuwa upande wa kopo pia. Adui wa bia ni mwanga, hewa na joto. Mwanga ukiigusa bia yenye hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, hubadili baadhi ya viambata vyake na kuipa harufu mbaya inayofananishwa na ya kicheche. Kioo cha kahawia hupunguza sehemu kubwa ya madhara hayo, cha kijani hupunguza kidogo, na kioo cheupe hakizuii karibu chochote. Ndiyo maana chupa za Safari na Kilimanjaro ni za kahawia. Kopo halipitishi mwanga hata kidogo. Ni jepesi, halivunjiki njiani, hupoa haraka na hupangika bila kupoteza nafasi. Bia za mtindo mpya zenye hopsi nyingi zinatakiwa kunywewa zikiwa mbichi, ndani ya wiki chache, na chupa kubwa iliyokaa miezi rafuni ikisubiri sherehe haikufaa kwa hilo. Kisha wakazuka wajasiriamali wanaozunguka na mashine za kujaza makopo juu ya malori, wakimhudumia mpishi kwa siku moja na kuondoka. Faida ya zamani ya chupa kubwa, kwamba haihitaji mtambo, ikaisha. Mlipuko wa Uviko-19 mwaka 2020 ulimalizia kazi: baa zilipofungwa, bia iliyokuwa ikiuzwa kwa pipa ililazimika kutiwa kwenye makopo ya kuchukua nyumbani.

Hata zile bia nzito zinazolazwa katika mapipa ya wiski zilipunguziwa chombo. Goose Island ya Chicago, kiwanda kilichoanza mwaka 1988, kiliwahi kuuza baadhi ya matoleo ya bia yake maarufu ya Bourbon County katika chupa za mililita 650. Mwaka 2015 bia hiyo ikahamia kwenye chupa ya nusu lita. Wakati huo Goose Island ilikuwa tayari mali ya kampuni kubwa ya AB InBev, ambayo mwaka uliofuata iliinunua SABMiller na kwa njia hiyo ikapata hisa nyingi za Tanzania Breweries, wapishi wa Safari na Kilimanjaro. Kwa hiyo bia ya kifahari ya Chicago na bia ya kila siku ya Mazimbu ziko katika ukoo mmoja, na zimekutana kwenye kipimo kimoja.

Nusu lita ya Tanzania ina nguvu nyingine ambayo wageni huisahau, nayo ni kreti. Chupa ya bia ya hapa kwa kawaida si mali ya mnywaji. Mwenye grosari hupeleka kreti lenye chupa tupu ndipo apewe lililojaa, na mteja anayetaka kuondoka na bia huacha fedha ya chupa au huleta tupu yake. Chupa ileile huoshwa kiwandani na kujazwa tena, mara nyingi sana, hadi michirizi myeupe inajichora kiunoni mwake kwa kusuguana na wenzake. Mpango huo hupunguza gharama kwa kila mtu, lakini una sharti moja: chupa lazima zifanane. Chupa kubwa ya kigeni haiingii kwenye tundu la kreti, haina anayeipokea ikiwa tupu, na gharama yake yote inabebwa na mnunuzi wa kwanza. Mwisho wake huwa kujazwa asali au mafuta ya taa, kazi ambayo, kusema kweli, inaifanya vizuri.

Kodi nayo haimsaidii mwenye chupa kubwa. Ushuru wa bidhaa kwa bia nchini Tanzania hutozwa kwa lita, kwa hiyo kuitia bia ileile katika chupa kubwa hakuleti punguzo lolote.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kusema kwamba Mwafrika wa Mashariki haitaki chupa kubwa. Ukivuka mpaka wa magharibi mambo hubadilika. Primus, bia ya Bralima huko Kongo, ya Bralirwa huko Rwanda na ya Brarudi huko Burundi, inajulikana kwa chupa yake ya sentilita 72. Mützig ya Rwanda na Amstel ya Burundi zina chupa za sentilita 65, kipimo kilekile kinachofifia Marekani. Bukavu, Rubavu na Bujumbura chupa hizo si za sherehe wala za kujionyesha. Ndizo bia za kawaida. Zinaishi kwa sababu mbili ambazo zile za Marekani hazikuwa nazo. Zinarudishwa na kujazwa tena, zikiwa na kreti zake zenye matundu ya kuzitosha. Na bia iliyomo ni ya nguvu ya kawaida, ambayo wawili wanaweza kugawana katika glasi bila mmoja wao kushindwa kusimama.

Tanzania kwa upande wake imezidi kwenda chini. Chupa za bia nyepesi, zenye chini ya nusu lita, zimepata wafuasi hasa kwa vijana na kwa watu wanaohesabu mfuko kabla ya kiu. Mazimbu ina watu wa namna hiyo wengi. Eneo hili lililokuwa shamba la mkonge, ambalo serikali ililitoa kwa chama cha ANC cha Afrika Kusini mwaka 1977 na likawa na chuo cha Solomon Mahlangu hadi mwaka 1992, sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na mwanafunzi hununua kadiri ya kilichobaki kwenye simu yake. Tabia hii ya kupunguza chombo ili kifuate mfuko ina mwisho mbaya unaojulikana. Pombe kali ilipotiwa katika vifuko vidogo vya plastiki, viroba, bei ilishuka hadi ikafikiwa na watoto wa shule. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Katika jambo hili chupa kubwa ilikuwa na adabu yake: haikuweza kufichwa mfukoni.

Na pombe ya mafundi wadogo, kwa maana halisi ya maneno hayo, haikuanzia Colorado. Kabla ya chupa, chombo cha pombe katika sehemu nyingi za ukanda huu kilikuwa chungu au kibuyu, na ukubwa wake ulipimwa kwa idadi ya watu waliokizunguka. Wachaga hunywa mbege kwa kata inayopokezwa mkono kwa mkono. Wateso wa Uganda na Kenya huketi kuzunguka chungu cha ajon, kila mtu na mrija wake mrefu, maji ya moto yakiongezwa kadiri pombe inavyopungua. Huko kipimo kikubwa hakijawahi kuwa tatizo, kwa sababu hakuna anayeachiwa akimalize peke yake.

Mkoani Morogoro desturi hiyo imebaki vilabuni, ambako mama wapishi huuza pombe za komoni na kangara kwa kopo kubwa la kupimia, si lile la alumini. Wanywaji wakiwa watatu huagiza pamoja na kulizungusha kopo hilo hilo, na anayetaka ya nyumbani huja na dumu lake. Chombo hiki kikubwa hakijahitaji rafu, lebo wala kreti. Hakiwezi pia kugeuzwa chupa ya dukani kwa urahisi, kwa kuwa komoni huuzwa ikiwa bado inachachuka, na gesi yake ikibanwa ndani ya kioo hukipasua. Ndiyo maana anayebeba dumu la komoni kutoka kilabuni hulegeza kizibo kwanza, kisha ndipo aondoke.