Kazi Haiishi, Mbona Mkataba Unaisha?

Ndugu wafanyakazi, leo tueleze habari ya mikataba ya muda. Tutaanza na wenzetu wa viwanja vya ndege vya miji, kisha tutarudi kiwandani na shambani, maana mtego ni ule ule.

Viko viwanja vya ndege ambavyo ni mali ya manispaa, kama ule wa Pietermaritzburg huko Afrika Kusini. Katika uwanja wa namna hiyo kuna kazi za kila siku: kufagia njia ya ndege, kukata majani, kupakia mizigo, kulinda lango, na kukaa tayari na gari la zimamoto. Kanuni za kimataifa zinataka gari hilo liweze kufika popote kwenye njia ya ndege kwa muda usiozidi dakika 3. Kazi hiyo haiishi mwezi wa sita. Ndege zilizotua Juni zitatua na Julai.

Basi kwa nini mtu apewe mkataba wa miezi sita? Sababu ni nyepesi. Mwajiri anayetaka kumwondoa mfanyakazi wa kudumu lazima atoe sababu na kufuata utaratibu. Mwenye mkataba wa muda huachwa tu mpaka tarehe ifike. Kwa hiyo mfanyakazi huyo huogopa kusema kwamba gari ni bovu, na huogopa kujiunga na chama. Hapo hasara si yake peke yake, bali hata abiria yumo hatarini.

Afrika Kusini walirekebisha sheria yao, na marekebisho hayo yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2015. Kwa wafanyakazi wa mishahara ya chini, mkataba wa muda hauruhusiwi kupita miezi 3 isipokuwa kazi yenyewe ina mwisho, au ipo sababu ya haki, kama vile kushika nafasi ya mtu aliye likizo au kazi ya msimu. Sababu isipokuwepo, mfanyakazi huhesabiwa kuwa wa kudumu. Waajiri wadogo, kama wenye watu chini ya 10, hawamo.

Na huku kwetu je? Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya notisi ya siku 28. Uganda, Kanuni za Ajira za mwaka 2011 ziliweka kwamba kibarua asizidi miezi 4. Akizifikisha apewe mkataba wa maandishi. Kongo, Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 iliweka kwamba mkataba wa muda usizidi miaka 2, na usirudiwe zaidi ya mara moja, ila kwa kazi kama za msimu. Kibarua wa kutwa aliyetimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, huwa wa kudumu.

Tusidanganyane: kazi ya kudumu si kazi ya milele. Mwizi atafukuzwa, na kiwanda kikifungwa watu watapunguzwa. Tofauti ni kwamba utaambiwa sababu, nawe utapata nafasi ya kujitetea.

Wavunaji wa msimu wana msimu wao, hilo twalikubali. Lakini anayepalilia chai mwaka mzima, au anayesimama kwenye mashine ile ile kila zamu, huyo si wa msimu.

Kwa hiyo kila mmoja aandike katika daftari siku alizofanya kazi, atunze karatasi za mshahara na kila mkataba aliotia sahihi, hata uliokwisha. Kisha tuvipeleke kwenye tawi kwa pamoja, ili kamati iingie kwenye mazungumzo na mwajiri ikiwa na ushahidi mkononi. Sheria iliyo kabatini haimsaidii mtu mpaka wenyewe waitoe.