Moyo ukienda mbio, anza kwa kutoa pumzi

Mkiwa, mkoani Singida, ni njiapanda. Barabara ya kutoka Manyoni kwenda Singida inakutana hapo na ile inayoelekea Itigi, Rungwa, Makongolosi hadi Mbeya. Dereva wa lori anasimama hapo akiwa na mzigo uliochelewa na simu ya tajiri isiyokoma. Mkulima wa alizeti naye, ikifika Desemba, hutazama mbingu kutwa, maana Singida ina msimu mmoja tu wa mvua. Mbegu ikikaukia ardhini, hakuna vuli wala masika ya kumfuta machozi.

Watu kama hawa wakifika zahanati, ni nadra kusema wana wasiwasi. Husema moyo unawaenda mbio, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, usingizi hauji. Wakipimwa presha na malaria wakaonekana wazima, hurudi nyumbani na hofu yao ileile. Jirani naye atawaambia, "Tulia, vuta pumzi ndefu."

Ushauri huo una nia njema, lakini umeanzia upande usio wenyewe. Mtu aliyeshikwa na hofu tayari anavuta hewa nyingi kuliko mwili unavyohitaji. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hofu ikimpanda, hupumua haraka, juu juu, kwa kifua. Hewa ya ukaa iliyomo kwenye damu hupungua kupita kiasi, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa kidogo, na ndipo huja kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo. Mwenyewe anaona hewa haimtoshi, anavuta zaidi, hali inazidi kuwa mbaya. Anachohitaji kwanza ni kutoa pumzi, taratibu.

Unaweza kuihakiki nguvu ya kutoa pumzi kwa mkono wako mwenyewe. Kaa, bonyeza kidogo mshipa wa kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, upumue polepole. Wengi, hasa vijana, watahisi mapigo yakiongeza kasi kidogo wakivuta hewa na kupungua wakiitoa. Kazi hiyo inafanywa na neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni. Ndiyo inayouamuru moyo upunguze mwendo, na amri yake huwa na nguvu zaidi pumzi inapotoka. Hatuwezi kuuamrisha moyo moja kwa moja. Pumzi tunaweza.

Zoezi lenyewe halihitaji kifaa. Keti, nyayo zote mbili ziguse chini, mkono mmoja uwe tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo liinuke, mabega yasipande. Kisha itoe kwa mdomo ukihesabu hadi sita, kama anayepoza uji wa moto. Ukihesabu kwa kasi ya sekunde, kila pumzi itachukua sekunde kumi, yaani pumzi sita kwa dakika. Dakika tano zinatosha kwa kuanzia. Ukisikia kizunguzungu unavuta kwa nguvu mno. Acha, pumua kawaida, kisha rudia kwa upole. Dereva aegeshe gari kwanza.

Mwendo huo wa pumzi sita si mgeni kwenye nyumba za ibada. Mwaka 2001 mtafiti Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini, na pia kukariri maneno ya mantra ya yoga. Kwa njia zote mbili, pumzi zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mpangilio huo. Kwa hiyo Mkatoliki mwenye rozari yake hana sababu ya kuona zoezi hili ni jambo la kigeni.

Karibu na kwetu, Nairobi, wanawake 421 wenye msongo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Nusu yao walikutana mara tano na wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa, wasio madaktari, wakafundishwa kupumua polepole, kupanga namna ya kukabili matatizo yao na kutafuta watu wa kuwaunga mkono. Miezi mitatu baadaye walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Pumzi peke yake haiwezi kupewa sifa yote, lakini mimi nafurahishwa zaidi na waliofundisha: ni watu wa aina ileile tulio nao vijijini.

Tafakuri inaongeza jambo moja juu ya kupumua polepole: unaiachia akili kazi ya kufuata pumzi, na kila inapotoroka kwenda kwenye deni au mawingu, unairudisha bila kujilaumu. Kutoroka hakumaanishi umeshindwa. Kule kuirudisha ndiko zoezi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2022 uliwagawa watu 276 wenye magonjwa ya wasiwasi katika makundi mawili. Kundi lililofundishwa tafakuri kwa wiki nane lilipata nafuu iliyokaribiana na ya waliotumia dawa ya escitalopram. Hata hivyo, anayetumia dawa asiiache bila kuzungumza na daktari wake. Na kuna ambao wakifumba macho hujiwa na kumbukumbu za ajali au kipigo. Hao wafanye wakiwa macho wazi, wakitazama kitu kimoja, na wakizidiwa waache.

Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au tayani, yenye jasho jingi, usiyakalie kwa kuhesabu pumzi. Nenda hospitali mara moja. Na wasiwasi ukidumu wiki kadhaa, ukakuzuia kula, kulala au kufanya kazi, au ukaanza kufikiria kujiua, mwambie mhudumu wa zahanati waziwazi, kwa maneno hayohayo, akupe rufaa. Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko Dodoma, mji unaofikiwa na barabara hiyohiyo inayopita Mkiwa.